Kuanza Kazi ya Uanamitindo wa Saizi Kubwa: Kutoka Futi ya Fundi Hadi Mkataba wa Kwanza

Ukisema fulani ana mwili wa kimodo, kila anayekusikia anaelewa unamsema mtu mwembamba na mrefu. Neno limeshachagua umbo lake. Ndiyo maana mwenye mwili mkubwa akitangaza kwamba anataka kuwa mwanamitindo, wa kwanza kucheka mara nyingi ni mtu wa nyumbani mwake.

Lakini kazi ipo, na si ya juzi. Lena Bryant alifungua duka lake New York mwaka 1904, na kufikia miaka ya 1920 jina la Lane Bryant lilishajulikana kwa nguo za wanawake wanene. Palipo na nguo za kuuza, pana haja ya mtu wa kuzivaa zionekane. Katika miaka ya 1990 mwanamitindo Mmarekani Emme akawa maarufu kwa kazi hii. Mwaka 2016 Ashley Graham alitokea kwenye kava la toleo la nguo za kuogelea la jarida la Sports Illustrated. Mwaka 2020 Versace, chapa ya mitindo ya Italia, iliwapandisha jukwaani Precious Lee, Alva Claire na Jill Kortleve. Na mwaka 2023 Paloma Elsesser alitwaa tuzo ya Mwanamitindo wa Mwaka jijini London, wa kwanza wa saizi kubwa kuipata.

Hayo ni majina makubwa, na ukiyatazama sana yatakupotosha. Mkate wa wanamitindo wengi wa saizi kubwa hautoki kwenye makava wala majukwaa. Unatoka studio, mbele ya ukuta mweupe, mtu akibadilisha blauzi ya ishirini na tano siku hiyo ili duka la mtandaoni lipate picha zake. Mteja hajanunua urembo wako wala ujasiri wako. Amenunua jinsi nguo yake inavyokukaa. Ukilielewa hilo mapema, hatua zote zinazofuata zitakuwa na mantiki.

Hatua ya 1: Jipime, na usidanganye

Anza na futi ya fundi, ile laini ya kuzungushia mwili. Vaa nguo za ndani tu, na sidiria iwe inayokukaa sawasawa, kwa sababu sidiria iliyolegea inaweza kubadilisha kipimo cha kifua kwa sentimita kadhaa. Mwombe mtu mwingine akupime. Ukijipima mwenyewe utainama kusoma namba, na ukiinama kipimo kimeharibika.

Kifua hupimwa mahali kilipojaa zaidi. Kiuno ni pale mwili unapojikunja ukiinama upande, si pale mkanda wa suruali unapokaa. Nyonga hupimwa sehemu pana kabisa, makalio yakiwa ndani ya kipimo, na kwa watu wengi ni kama sentimita 20 chini ya kiuno. Futi iwe sambamba na sakafu mwilini kote, isibane wala isining'inie. Pumua kawaida. Kisha pima mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi kifundoni. Urefu upimwe bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kitabu kigumu kikiwa kimelazwa utosini. Andika pia namba ya kiatu na ya sidiria.

Rudia siku tatu tofauti ndani ya wiki moja, kisha chukua wastani na uandike tarehe. Mwili hubadilika kwa chumvi, usingizi na siku za mwezi, hivyo kipimo cha siku moja si ushahidi wa kutosha.

Sasa kwenye uongo. Wembamba hujiongezea urefu, nasi wanene hujipunguzia kiuno. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ni fupi kuliko kawaida: nguo zinaandaliwa kwa namba ulizotuma, zinafika studio, zipu inagoma katikati ya mgongo. Mpiga picha, mpambaji na mwenye nguo wote wanalipwa wakikusubiri. Utarudishwa nyumbani, na wakala anayekutafutia kazi hatakupigia tena. Kipimo kikubwa kilicho cha kweli kina soko lake. Kipimo cha uongo hakina.

Kuhusu namba za nguo, zichukulie kama lugha za mataifa. Namba 14 ya Marekani kwa kawaida ni namba 18 ya Uingereza, na kila chapa ina ukarimu wake. Kwa hiyo unapojitambulisha tanguliza sentimita, namba ya nguo ifuate. Mawakala wengi huanza kuhesabu saizi kubwa kwenye namba 12 au 14 ya Marekani, na wanaopata kazi nyingi zaidi wako kati ya 14 na 18 au 20. Ukiwa juu ya hapo milango ni michache lakini ipo. Tess Holliday, aliyevaa namba 22 na mfupi kuliko viwango vya mawakala, alisaini na wakala wa Uingereza mwaka 2015.

Hatua ya 2: Chagua njia yako

Uanamitindo ni jina la kazi nyingi zinazofanana kwa mbali tu.

Jukwaa ndilo gumu kuliko zote. Linataka urefu, mara nyingi kuanzia sentimita 173, na linafuata upepo wa msimu. Mwaka huu wabunifu wanaita miili mikubwa, mwaka unaofuata wanasahau. Misimu ya karibuni upepo umerudi kwenye wembamba. Usijenge maisha yako juu ya upepo huo.

Picha za maduka ya mtandaoni na katalogi ndizo shamba la kudumu. Duka linalouza saizi kubwa lazima lionyeshe nguo kwenye mwili mkubwa, msimu baada ya msimu. Matangazo ya kibiashara, ya benki, dawa ya meno, simu au bima, hayajali sana urefu: yanataka uso unaoaminika na tabasamu lisilo la kulazimisha. Wanaume nao wana nafasi: mwaka 2016 wakala mkubwa IMG ulifungua kitengo cha wanaume wenye miili mikubwa, na Zach Miko akawa wa kwanza kusainiwa humo.

Halafu kuna kazi ambayo watu hawaizungumzii, nami ningemshauri anayeanza aitazame kwanza: kuwa mwili wa kujaribishia nguo. Hapa hupigwi picha. Unasimama kwenye chumba cha ubunifu ukiwa umevaa nguo ya mfano, na fundi wa patani, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, anaweka pini.

Kazi hii ina uzito wa pekee kwenye saizi kubwa, na sababu ni ya kiufundi. Patani ya nguo ndogo haiwezi kukuzwa tu kama picha. Mwili ukinenepa, mabega hayapanuki kwa kiwango sawa na tumbo, na shingo hairefuki eti kwa sababu nyonga zimeongezeka. Chapa inayokuza tu patani ya mwembamba hupata shati linaloanguka mabegani huku limebana kwenye mkono wa juu. Umeshalivaa shati hilo, unalijua. Dawa yake ni kuwa na mwili halisi mkubwa wa kujaribishia, wenye vipimo visivyoyumba, na mwenye mwili huo awe na ulimi wa kueleza.

Ulimi huo unafunzwa. Vaa nguo kumi ulizonazo na ueleze kwa sauti kila inapokukera. Usiseme "inabana". Sema "mshono wa kwapa uko juu mno, nikiinua mkono nguo yote inapanda." Sema "kiuno cha suruali kinaachia nyuma nikikaa." Sema "kifungo cha tatu kinafunguka kifuani, lakini tumboni kuna nafasi ya kutosha." Fundi anayesikia maneno hayo anajua mkasi upite wapi. Malipo kwa kawaida ni kwa saa, mteja mmoja anaweza kukuita miaka, na sura yako, umri wako, hata urefu wako, havina uzito mkubwa kama vilivyo kwenye picha. Sharti kubwa ni vipimo vyako visicheze. Huko sentimita mbili au tatu ni nyingi.

Hatua ya 3: Picha ghafi

Kabla ya albamu ya kupendeza, wakala anataka kukuona ulivyo. Picha hizi hazigharimu kitu. Unahitaji simu, dirisha na ukuta usio na maua.

Vaa kitu cheusi kinachoshika mwili: fulana isiyo na maandishi na suruali ya kubana. Wanene wengi hapa hukimbilia kijora kipana, ndipo wakala anapita bila kusimama, maana umemletea mbuzi kwenye gunia. Nywele zifungwe uso uonekane. Vipodozi viachwe, au viwe vichache kiasi cha kutoonekana.

Simama ukilitazama dirisha, mwanga ukija usoni. Mpigaji atumie kamera ya nyuma ya simu na arudi hatua kadhaa. Kwa picha ya mwili mzima simu iwe kwenye usawa wa kiuno chako. Akipiga kutoka juu, miguu inafupika na kichwa kinakuwa tikiti; akipiga kutoka chini sana, mapaja yanameza picha. Unahitaji uso wa mbele, uso wa upande, tabasamu, na mwili mzima mbele, ubavuni na mgongoni. Piga pia video fupi ukitembea kuelekea kamera, ukigeuka, na ukitaja jina na urefu wako.

Hakuna vichujio vya picha wala programu za kupunguza kiuno. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo ambayo umbo la mwanamitindo limebadilishwa lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Kama mteja mwenyewe anabanwa kiasi hicho, wewe unayetafuta kazi huna sababu ya kuanza kwa kujichonga.

Hatua ya 4: Jifunze kusimama

Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni kuhusu mapozi ya wanene: weka mkoba mbele ya tumbo, jipinde upande, ficha mkono. Ni ushauri mzuri kwa picha ya harusi ya binamu, na mbaya kwa kazi. Anayenunua gauni anataka kuona linavyopita tumboni. Ukilificha tumbo umeificha bidhaa.

Unachotafuta ni mistari inayosomeka. Hamishia uzito kwenye mguu mmoja, wa pili ulegee. Acha mwanya mdogo kati ya mkono na ubavu, ili kiuno kionekane kilipo, popote kilipo. Rudisha mabega nyuma na uyashushe. Sogeza paji la uso mbele kidogo na kidevu chini kidogo. Kwenye kioo utajiona kama kobe, kwenye picha taya linatokea safi. Vidole visikunjwe ngumi.

Fanya mazoezi mbele ya kioo kwa wiki moja, kisha kigeuzie kioo mgongo na ujirekodi. Studio hakuna kioo. Jipe zoezi la mapozi manane kwa kila nguo, ukibadilisha kila sekunde mbili bila kurudi ulikotoka. Kwenye kazi za maduka ya mtandaoni nguo zinaweza kufika makumi kwa siku, na mpiga picha hana muda wa kukuelekeza kila moja. Anayeita tena ni yule aliyemaliza kazi saa moja kabla ya muda kwa sababu hukuhitaji kuelekezwa.

Hatua ya 5: Albamu

Sitakaa sana hapa. Picha sita hadi kumi zinatosha: uso, mwili mzima, vazi la kawaida, vazi rasmi, moja unayocheka, moja ya nguo ya ndani au ya kuogelea kama una umri wa kutosha na uko tayari kuifanya kazi hiyo. Watafute wapiga picha wanaojenga majina yao na mbadilishane: wewe muda wako, yeye picha. Andikianeni, hata ukurasa mmoja, kwamba picha zitatumika wapi na nani haruhusiwi kuziuza. Picha mbaya moja inashusha nzuri tano, kwa hiyo chuja bila huruma, na usiwape shangazi na marafiki kazi ya kukuchagulia.

Chagua picha nne au tano bora uzipange kwenye kadi moja yenye jina lako, urefu, vipimo na namba ya kiatu. Hiyo ndiyo utakayoiacha kwenye usaili.

Hatua ya 6: Wakala, mkataba, na matapeli

Tafuta wakala mwenye wanamitindo wa saizi kubwa tayari. Baadhi ni vitengo ndani ya kampuni kubwa. Wengine, kama JAG Models ya New York, iliyoanzishwa mwaka 2013 na watu waliotoka kwa wakala mwingine, Ford Models, walianza kazi kutokana na saizi hizi. Tazama orodha yao kwenye tovuti. Kama wana watu wanne wanaofanana nawe kama pacha, hawakuhitaji. Kama hawana hata mmoja wa saizi yako, huenda hawana wateja wa kukupa.

Tuma kupitia fomu ya tovuti yao, si kwa kumfuata mfanyakazi wao mitandaoni. Weka picha ghafi, vipimo, umri, mji unaoishi na sentensi mbili. Hadithi ya maisha ibaki nyumbani. Ukimya wa wiki sita ni jibu la hapana, lakini hapana ya sasa tu.

Sasa sikiliza vizuri. Wakala halali hula baada ya wewe kula. Anachukua kamisheni kwenye kazi aliyokupatia, mara nyingi asilimia 20. Malipo yakiwa 1,000, yeye 200, wewe 800, kabla ya kodi na gharama nyingine. Anayekudai ada ya usajili, ada ya albamu kwa mpiga picha wake pekee, au kozi ya lazima kabla hujapata kazi, biashara yake ni wewe. Jimbo la New York limeliweka hili kwenye sheria iliyoanza kutumika Juni 2025: kampuni za kusimamia wanamitindo haziruhusiwi kudai amana, kamisheni isizidi asilimia 20, na nakala ya kidijitali ya mwili wako isitumike bila idhini yako ya maandishi. Hata kama unaishi mbali na huko, tumia vipengele hivyo kama chujio.

Wanene tunatapeliwa kwa njia yetu wenyewe. Tapeli anajua umekaa miaka ukiambiwa hufai, kwa hiyo anakuja na asali: "Umbo lako ni la kipekee, dunia inakungoja." Sifa nyingi kabla ya kipimo kimoja ni dalili mbaya. Wakala wa kweli anauliza nyonga ni sentimita ngapi kabla hajakusifia macho.

Dalili nyingine: usaili kwenye chumba cha hoteli, ombi la picha za uchi "kuona umbo", haraka ya kusaini leo leo, kukatazwa kuja na mtu. Ukiitwa popote, mpe mtu wako anwani na saa ya kurudi. Mwenye chini ya miaka 18 aende na mzazi au mlezi, na mlezi abaki ndani.

Mkataba ukija, uombe ukalale nao. Soma muda wake, eneo linalohusika, kama unaweza kufanya kazi na wakala mwingine mji mwingine, gharama zipi zitakatwa kwenye malipo yako, na jinsi ya kuuvunja. Mwanasheria wa saa moja ni rahisi kuliko miaka mitatu ya kufungwa.

Soma pia haki za matumizi kwenye kila kazi. Malipo ya siku ya kupigwa picha ni jambo moja, na ruhusa ya kuitumia picha ni jambo jingine. Tovuti ya duka kwa mwaka mmoja na mabango ya barabarani dunia nzima milele si bei moja. Neno "milele" ukiliona, simamisha kalamu.

Hatua ya 7: Siku ya kazi

Begi lako ndilo litakalokuokoa. Weka nguo za ndani zisizo na mshono, za rangi ya ngozi yako na nyeusi. Sidiria ya kawaida na isiyo na mikanda. Kaptura nyembamba ya kuzuia mapaja kusuguana. Viatu virefu vyeusi na vya rangi ya ngozi. Viatu nasisitiza: nguo zitakuwepo za saizi yako, lakini viatu vipana studio husahaulika. Beba pia krimu ya msingi ya vipodozi (foundation) inayolingana na ngozi yako, maana si kila mpambaji anayo.

Utakutana na vijazio, yaani sponji zinazowekwa kwenye nyonga, kifua au makalio ili mwanamitindo wa namba 12 aijaze nguo ya namba 16. Ni jambo la kawaida, na wanamitindo wengi wanazo seti zao. Mimi silipendi, kwa sababu anayenunua anaonyeshwa shingo nyembamba juu ya nyonga za sponji. Lakini lijue, ili usishangae ukiulizwa kama unazo.

Fika dakika 15 kabla. Usile mbele ya nguo. Sema mapema kama kitu kimebana badala ya kuvumilia mpaka mshono uachie.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Usiache kazi uliyonayo. Malipo yanaweza kuchukua siku 30, 60, hata 90 baada ya picha kupigwa, na kati ya kazi moja na nyingine kunaweza kupita miezi. Weka daftari: tarehe ya kazi, kiasi, kamisheni, matumizi yaliyokubaliwa, tarehe uliyolipwa. Ruhusa ya mwaka mmoja ikiisha na picha bado iko dukani, daftari hilo ndilo litakalodai.

Mwili utabadilika. Ukiongezeka au kupungua, mwambie wakala kabla ya usaili. Akikwambia unenepe au upungue ili utoshee mteja, una haki ya kukataa, na ningekataa. Wateja huja na kuondoka, na presha yako ya damu utabaki nayo wewe.

Ukikataliwa, usitume picha zilezile mwezi unaofuata. Subiri miezi sita, piga picha ghafi mpya kwenye dirisha lilelile, jipime upya, andika tarehe, kisha tuma tena.